Akiba haiozi: nyirinyiri ya Isiolo

UKITOKA Nairobi alfajiri kwa gari la Isiolo, utapita Thika, Sagana na Karatina kabla ya kufika Nanyuki, mahali ambapo barabara inakata mstari wa Ikweta na watalii hushuka kupigwa picha. Kutoka hapo gari hupanda hadi Timau, penye mashamba ya ngano na baridi ya kupasua midomo, kisha huanza kuteremka. Muda si muda sweta zinavuliwa, madirisha yanafunguliwa, na mbele ya macho yako inatandazika nchi tambarare ya kaskazini ambayo mwisho wake hauonekani. Hapo ndipo ulipo mji wa Isiolo, takriban kilomita 285 kutoka jiji kuu.

Isiolo ni mlango. Hapa Mmeru aliyeteremka na ndizi na miraa hukutana na Mborana, Msomali, Mturkana na Msamburu aliyeleta mbuzi na ngamia. Baadhi ya Wasomali wa mji huu ni wajukuu na vitukuu wa askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918, ambao baadaye walipewa makao hapa. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na dereva aliyekuwa akielekea Marsabit au Moyale alihakikisha kwanza kwamba ana gurudumu la akiba, maji ya kutosha na chakula kisichoharibika. Leo lami inafika hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Lakini chakula kile cha msafiri hakijahama. Kinaitwa nyirinyiri.

Chakula cha msafiri

Nyirinyiri ni nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo vidogo kama punje za maharagwe, kisha ikakaangwa hadi ikawa nyeusi na kavu. Waborana huiita koche. Wasomali wana majina yao pia, likiwemo oodkac. Hata hivyo, ukitaja nyirinyiri kuanzia Isiolo hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kila mtu atakuelewa.

Sokoni utaipata imepangwa katika ndoo ndogo, makopo na mifuko. Ukiuliza bei, swali la kwanza utakaloulizwa nawe ni hili: "Ya ngamia au ya ng'ombe?" Usijibu haraka. Wenyeji wengi huisifu ya ngamia, na sababu yao ina msingi. Mafuta mengi ya ngamia hukaa kwenye nundu, kwa hiyo mnofu wake huwa mkavu usio na mafuta mengi. Nyama yenye mafuta ndani yake haikaushiki vizuri, kwani mafuta huchacha na kuleta harufu mbaya hata kama nyama yenyewe haijaoza.

Matumizi yake ni mengi kuliko mgeni anavyodhani. Asubuhi huliwa kwa anjera na chai ya maziwa. Mchana hunyunyizwa juu ya wali au tambi. Jioni, mama asiye na muda wa kupika kitoweo huchota vijiko viwili, akatia katika sufuria ya maharagwe au mboga, na chakula kikabadilika ladha. Mchungaji huibeba anapofuata malisho. Dereva wa lori huiweka karibu na usukani. Na shule zinapofunguliwa, mzazi aliye na mtoto katika shule ya bweni inayokubali chakula cha nyumbani humfungia kopo sandukuni, kati ya sabuni na madaftari.

Katika desturi ya Wasomali wa upande wa Somalia ya kaskazini na Jibuti, nyama ya aina hii ina heshima hata arusini. Hutiwa pamoja na samli katika chombo maalum kiitwacho xeedho, ambacho hufunikwa kwa nguo na kufungwa kwa kamba kwa mafundo ya siri, mithili ya bibi arusi aliyepambwa. Jamaa za bwana arusi hupewa kazi ya kuyafungua bila kukata kamba. Wakishindwa, huchekwa.

Inavyotengenezwa

Kazi huanza kwa kuchagua mnofu, kuondoa mafuta na mishipa yote, kisha kuikata nyama kuwa kamba ndefu nyembamba. Kamba hizo hupakwa chumvi na kuanikwa mahali penye upepo. Hali ya hewa ya Isiolo ni msaada mkubwa, kwani jua ni kali na hewa ni kavu, hivyo nyama hupoteza maji mapema kabla ya kupata nafasi ya kuoza. Mtu wa Mombasa au Kisumu, penye unyevu mwingi hewani, atapata taabu kufanya jambo hilo kwa njia hiyo hiyo.

Nyama inaposhika ukavu, hukatwa vipande vidogo na kukaangwa polepole katika mafuta. Kazi hii haitaki haraka. Mapovu yanayochemka katika mafuta ni maji yanayotoka ndani ya nyama, na yakikoma ni ishara kwamba maji yamekwisha. Wengine hutia kitunguu saumu, iliki au jira. Mwishowe nyama hutiwa katika chombo kikavu na kumiminiwa samli au mafuta mpaka ifunikwe, ili hewa isiifikie.

Elimu iliyomo humu ni ya kweli, ingawa waliotuachia hawakuiandika vitabuni. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinahitaji maji ili viishi. Ukiondoa maji, ukaongeza chumvi, ukapitisha moto na kuzuia hewa, umevifungia milango minne kwa mpigo. Ndiyo maana chakula hiki, kikitengenezwa kwa usafi, hukaa miezi kadhaa bila jokofu.

Wala si watu wa kaskazini mwa Kenya pekee waliogundua jambo hili. Waethiopia wana kwanta yao. Wahausa wa Nigeria wana kilishi. Afrika Kusini wana biltong, na watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini walikuwa na ch'arki, neno ambalo ndilo lililozaa jina la Kiingereza la nyama kavu, jerky.

Faida mwilini

Kuna familia nyingi mjini ambazo nyama kwao ni ya mwisho wa mwezi. Kwa watu kama hao, swali la maana ni hili: je, fedha ninazotoa kwa kopo dogo la nyirinyiri zinanipa nini?

Nyama mbichi isiyo na mafuta huwa na maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Maana yake ni kwamba katika kilo 4 za mnofu, karibu kilo 3 ni maji. Ukiikausha kabisa utabaki na kilo moja na kidogo. Kwa hiyo usishtuke bei ya kilo ya nyama kavu inapopita mbali ile ya buchani, kwa sababu hununui kilo moja ya nyama, bali kilo kadhaa zilizotolewa maji.

Kilichobaki ni protini ya kujenga mwili, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12 ambayo kwa kawaida haipatikani katika mboga na nafaka. Madini ya chuma ndiyo yanayosaidia kutengeneza damu, na yale ya nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mboga. Zaidi ya hayo, nyama kidogo ikiliwa pamoja na sukuma wiki au maharagwe husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika vyakula hivyo pia. Hii ndiyo sababu kijiko cha nyirinyiri katika sahani ya maharagwe ya mtoto kina maana kubwa kuliko udogo wake.

Hata hivyo, nyama kavu haina vitamini C ya kutegemewa. Chungwa au nyanya mbichi pembeni ni jambo jema. Na chai, ambayo sote twaipenda, hupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka katika nafaka na mboga, kwa hiyo ni bora kuinywa baada ya muda kupita.

Mifugo ilipokwisha

Msomaji wa mjini huenda akaiona nyirinyiri kuwa kitafunio tu cha kupitisha wakati. Kwa mfugaji, ni jambo la uhai. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Barabara za kaskazini zilijaa mizoga. Ng'ombe aliyetegemewa kulipa karo aliuzwa kwa bei ya kutupa, au hakupata mnunuzi kabisa.

Wakati kama huo, kuchinja mnyama akiwa bado na nyama mwilini na kuikausha ni bora kuliko kumngojea aanguke. Lakini uamuzi huo ni mgumu mno. Mfugaji anayechinja leo anajinyima tumaini kwamba mvua itanyesha wiki ijayo na mnyama wake apone. Anayengoja naye anaweza kukosa yote mawili. Aliye mbali asiharakishe kumlaumu mtu kwa kukosa kuchagua mapema.

Jambo moja halina mjadala: mnyama mgonjwa au mzoga usikaushwe wala usiliwe. Kimeta huua. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007, iliua watu zaidi ya 150, na moja kati ya njia za kuipata ni kugusa damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Kukausha hakugeuzi nyama mbaya kuwa nzuri. Ni lazima ikaguliwe.

Na bata mzinga je?

Huko Marekani, nyama ya kukausha si ya ng'ombe tu. Bata mzinga, ndege ambaye asili yake ni bara lile la Amerika, hukaushwa kwa vipande vyembamba na kuuzwa madukani kama kitafunio. Wanaompendelea hutaja sababu ile ile ya ngamia: nyama ya kidari chake ina mafuta machache mno na protini nyingi.

Hapa kwetu bata mzinga hufugwa na watu wachache, na wengi huchinja wakati wa Krismasi. Dume moja laweza kupita kilo 10, na familia ya watu watano haimalizi kwa siku moja. Basi kwa nini kidari kisikatwe na kufanywa nyirinyiri? Tofauti ni moja tu, nayo ni ya kuzingatiwa. Nyama ya ndege hubeba vijidudu vya salmonela kwa urahisi, na joto dogo la kukaushia haliviui. Wataalamu wa Marekani hushauri nyama ya ndege ipate joto la digrii 74 za Selsiasi kabla ya kukaushwa. Asiye na kipimo aichemshe kwanza mpaka iive kabisa hadi ndani, ndipo aikate na kuikaanga hadi ikauke.

Tahadhari kwa mlaji

Chumvi ndiyo adui aliyejificha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na nyama kavu inaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mwenye shinikizo la damu na ajihadhari. Hali kadhalika, mwaka wa 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya shirika hilo iliorodhesha nyama zilizosindikwa, zikiwemo zile za kutiwa chumvi na dawa za kuhifadhi, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Basi nyirinyiri iwe kiungo cha chakula na si chakula chenyewe. Kijiko kimoja au viwili vyatosha. Watoto wachanga wasipewe vipande vigumu, wasije wakapaliwa.

Unaponunua, nusa kwanza. Harufu ya mafuta yaliyochacha ni ishara ya kuondoka. Tazama kama kuna ukungu au majimaji chini ya chombo. Ukifika nyumbani, chota kwa kijiko kikavu kila mara, kwani tone moja la maji linaweza kuharibu kopo zima.

Na ukipata nafasi ya kukaa na mama anayeitengeneza, usiondoke na kopo peke yake. Mwulize alivyochagua mnofu, alivyojua kwamba mafuta yameshika moto ipasavyo, na alivyotambua kwamba maji yamekwisha. Vijana wengi wa Isiolo waliohamia mijini huinunua nyirinyiri lakini hawajui kuitengeneza, na ujuzi huu ulihifadhiwa kwa mikono na macho tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyama wameiwekea dawa. Kilichobaki ni kuuwekea akiba ujuzi wenyewe.