Mwulize Mzizi, Si Ua

Muheza, Tanga

Kwa mwanangu Mwanaidi,

Barua yako imenifika. Umeniuliza kama uihamishie mimea yako katika vyungu vipya sasa, nayo imechanua, au ungoje maua yaishe. Jibu la mkato ni ungoje. Lakini mimea uliyoitaja ni miwili, na jibu hilo linaufaa mmoja tu.

Tuanze na mwasumini ulioununua kando ya barabara, ungali ndani ya kiriba. Wenye vitalu huutoa mmea ukiwa umechanua kwa sababu ua ndilo linalouza, basi kila mnunuzi hufika nyumbani na swali kama lako. Mmea wenye maua unahitaji maji mengi. Maji hayo huyavuta kwa vinyweleo vilivyo karibu na ncha za mizizi, na hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza udongo ukitikiswa. Vikikatika, matumba hudondoka kabla ya kufunguka. Nawe umesema unayataka matumba hayo kwa vikuba vya harusi ya mdogo wako! Yachume mpaka yaishe, punguza matawi, ndipo uhamishe.

Kungoja nako kuna mipaka. Mmea ukinyauka ilhali udongo umelowa, au ukisikia harufu ya uozo chini ya kiriba, mizizi inaoza, na hapo usiyaonee maua huruma. Yakate, ondoa mizizi iliyooza, badilisha udongo siku hiyohiyo. Lakini kama kiriba kimepasuka tu na mizizi ni mizima, huna haja ya kuvuruga kitu. Kichane, litie bonge lote la udongo kama lilivyo katika chungu kilichozidi kidogo, kisha ujazie pembeni. Hata mmea uliochanua huvumilia kuhamishwa hivyo. Kinachouumiza ni kuipukuta mizizi yake.

Wa pili, kile kijimea chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ni mwenyeji wa milima yetu ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kijerumani huku kwetu, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Toka hapo umekuwa mmea wa dirishani dunia nzima. Ukitunzwa vyema huchanua karibu mwaka mzima, kwa hiyo anayengoja maua yaishe hungoja mpaka udongo umechoka na kujaa chumvichumvi za mbolea. Huu usiungojee. Kata maua yote, ondoa majani ya chini yaliyochakaa, ifukie shingo inayobaki wazi, ila moyo wa katikati uwe juu ya udongo. Fanya hivyo walau mara moja kwa mwaka. Ukishashika mizizi mipya utachanua tena.

Chungu kipya kisiwe kikubwa mno. Kizidi cha zamani kwa sentimita mbili au tatu za upana, basi. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji siku nyingi, na maji yaliyotuama ndiyo yanayoozesha. Kiwe na matundu chini. Usijaze changarawe kwenye kitako ukidhani zitayaharakisha maji, kwani maji husimama kwenye udongo ulio juu yake. Afadhali uchanganye udongo na mboji na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, upate kupitisha hewa.

Mwagilia siku moja kabla, hamisha jioni, weka kivulini siku chache. Mbolea iache kwa wiki kadhaa, maana mizizi yenye majeraha huunguzwa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, maua yasikuamulie peke yake. Uchomoe mmea taratibu utazame mizizi. Ikiwa myeupe na imara, una nafasi ya kungoja. Ikiwa ya kahawia na inalainika vidoleni, huna.

Nisalimie kaka yangu, na umwambie aache kumwagilia maua kila anapopita na kopo mkononi.

Wako akupendaye,
Shangazi