Urafiki Haukuumbwa Uwe Mkataba

Ukiikumbuka Bongo Fleva ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, makundi ndiyo yanayokujia kwanza. Kwanza Unit walianza Dar es Salaam mwaka 1993. Wakasikika Hard Blasters, Gangwe Mobb wa Temeke, East Coast Team wa Upanga, Wagosi wa Kaya wa Tanga na X Plastaz wa Arusha. Leo nyimbo nyingi zinazotamba ni za msanii mmoja, na nyuma yake yupo meneja na lebo. Wengi husema tamaa ndiyo iliyoleta mabadiliko hayo: umaarufu ulipoingia, urafiki ukatoka. Mimi sikubali. Urafiki wa vijana wale ulielemewa kwa sababu ulitwishwa kazi isiyo yake, kazi ya mkataba.

Tukumbuke urafiki ule ulifanya nini. Studio zilikuwa chache, na kijana asiye na ajira hakuweza kulipia kurekodi peke yake. Mmoja alichanga nauli, mwingine alileta ubeti, mwingine akawa na sauti ya kiitikio, na wote kwa pamoja walivumilia wazee walioona muziki huo ni uhuni. Ushikaji ndio uliokuwa mtaji, ila mtaji huo haukuandikwa popote. Kaseti zilipoanza kuuzika na maonyesho kulipwa, maswali yakaja yote kwa mpigo: mtunzi ni nani, jina la kundi ni la nani, na wa kiitikio apate kiasi gani? Hard Blasters walitoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000; mwaka uliofuata Professor Jay, mmoja wao, akatoa yake peke yake, Machozi, Jasho na Damu. Kundi la TMK Wanaume lilipogawanyika, upande mmoja ukawa Wanaume Family na mwingine Wanaume Halisi, kila upande ukiondoka na kipande cha jina. Pasipo maandishi ya kurejea, anayedai haki yake huonekana msaliti, na anayekaa kimya hubaki na kinyongo.

Nitaambiwa kwamba siku hizi mikataba ipo na ugomvi haujaisha. Ni kweli. Msanii Harmonize alipoondoka kwenye lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza mwenyewe kwamba alidaiwa shilingi milioni 500 ili avunje mkataba. Lakini mkataba wa lebo ni wa mwenye mali na kijana anayetafuta kutoka kimuziki. Mmoja huuandika na mwingine husaini. Ninaoutaka ni ule wa vijana walio sawa, unaoandikwa mapema, kabla hakijapatikana cha kugombea. Wapo waliotuonyesha kwamba haki na urafiki vinaweza kukaa nyumba moja. AY na Mwana FA walitoka East Coast Team, kila mmoja akajijengea jina lake, na bado wakaendelea kufanya kazi pamoja. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao bila idhini. Mahakamani walisimama pamoja, na kilichowapa ushindi ni haki iliyothibitika.

Wengine watasema kumtaka rafiki asaini ni kumwonyesha humwamini, na kwamba sanaa haiishi pasipo kuaminiana. Mbona ndoa, yenye mapenzi kuliko ushikaji wowote, tunaifunga kwa mahari iliyotajwa na mashahidi walioketi? Hakuna bibi harusi anayelia kwamba mahari imeua mapenzi. Wapo pia watakaosema kipaji ni cha mtu, hivyo kundi lazima livunjike. Huenda likavunjika, na kuondoka si dhambi. Mwenye ndoto kubwa ana haki ya kuifuata. Makubaliano humruhusu aondoke bila kuiba wala kuibiwa, na akirudi kushirikiana na wenzake apokewe. Kwa hiyo vijana wanaoandika mistari pamoja leo wakubaliane mapema, kabla ya wimbo wa kwanza kutoka, kuhusu mgawo wa utunzi, mwenye jina la kundi, na haki za atakayeondoka. Wakifanya hivyo, urafiki utabakiwa na kazi yake yenyewe: kumpa kijana ujasiri wa kuimba siku ambayo hakuna mwingine anayemsikiliza.