Moto wa Kambi

Vijana waendapo kupiga kambi, hapana kazi waigombaniayo kama kuwasha moto. Kuchota maji sharti wasukumwe, kukaza kamba za hema sharti waitwe mara mbili. Bali likitajwa neno moto, kila mmoja hukimbilia kuni. Asubuhi yake, kuuzima moto ule huwa ni kazi isiyo na mwenyewe.

Wavulana wanane wa shule moja walipiga kambi chini ya mlima Kilimanjaro, nje ya mipaka ya hifadhi, maana ndani yake kuwasha moto wa kuni ni marufuku. Mwenye shamba, mzee mwenye mvi, aliwapa ruhusa kwa sharti kwamba atakuja kuutazama moto jioni na asubuhi.

Jioni hakuona mengi ya kuwalaumu. Walikuwa wamechagua mahali peupe, mbali na hema na mbali na matawi. Nyasi walikuwa wamezilima, na majani makavu wameyazoa hata udongo mtupu ukaonekana, hatua tatu kila upande. Lakini mawe walikuwa wameyatoa mtoni. Mzee akawaamuru wayatupe, kwa kuwa jiwe lililokaa majini hunywa maji katika nyufa zake. Likipata moto, maji yale hugeuka mvuke, nalo jiwe huweza kupasuka na kurusha vipande usoni pa mpishi. Hilo hawakulijua. Debe la maji lilikuwa tayari kabla ya kiberiti kuguswa, na mafuta ya taa yalibaki ndani ya taa. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kutosha sufuria moja. Wengine hudhani moto mkubwa ndio uchangamshao kambi. Kumbe moto mkubwa humfukuza kila mtu nyuma, uso ukaungua na mgongo ukapigwa na baridi.

Asubuhi mzee aliwakuta wamekwisha funga mizigo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu wangu. Moto uko wapi?”

“Tumekwisha uzima, babu. Tumeufukia kwa udongo tangu alfajiri, wala haufuki moshi.”

Mzee hakujibu. Alitwaa kijiti, akafukua. Chini ya udongo makaa yalikuwa mekundu, kana kwamba yamewekwa akiba.

Watu husema pafukapo moshi hapakosi moto, na neno hilo ni kweli. Lakini wengi huligeuza, wakadhani kwamba pasipofuka moshi hapana moto. Kila mama aliyepata kufukia kaa jivuni usiku, ili asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani, anajua kwamba kaa lililofunikwa halifi upesi.

Ndipo mzee akaketi juu ya mzigo mmoja, akawaeleza mambo ya Oktoba 2020. Tarehe 11 ya mwezi ule moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji katika njia itokayo Mandara kwenda Horombo. Wakuu wa hifadhi, katika habari zao za kwanza, walisema kwamba wapagazi walikuwa wakipasha moto chakula cha wageni, na majani makavu yakashika. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi wa chuo cha Mweka wakiwamo. Mzee naye alipanda na panga lake. Upepo ulikuwa mkali, na maji yalikuwa mbali.

“Tuliupiga kwa matawi hata ukalala,” alisema, “tukageuka kwenda mbele, nao ukaamka nyuma yetu. Ulikuwa ukitembea chini, katika mizizi.”

Moto ule uliwaka zaidi ya juma moja. Vichaka vilivyoteketea ndivyo vikamatavyo ukungu kwa majani yake membamba na kuudondosha ardhini, na maji hayo hushuka hata kwenye mifereji ya migomba huku chini.

“Wale wapagazi, babu, walifungwa?” akauliza mmoja.

“Mimi nawauliza ninyi habari za makaa haya,” akajibu mzee.

Wakamimina debe zima. Jivu likalia, mvuke ukapanda. Wakakoroga kwa kijiti, wakapindua mawe. Kijana mkubwa akasogeza mgongo wa mkono wake: pangali moto. Debe lilikuwa tupu, mfereji ulikuwa bondeni, na gari lilikuwa likiwangoja barabarani. Wakatazamana. Yule mdogo kuliko wote akalitwaa debe, akashuka pasipo kutumwa.

Debe la pili nalo halikutosha, kwa maana upande mmoja mzizi wa mti ulikuwa umepita karibu, na ncha yake ilikuwa imekwisha kuwa kaa. Wakaufuata kwa jembe mpaka kwenye mti mbichi, wakaukata. Baada ya debe la tatu mzee alitia kiganja chake katika tope la majivu, akakiacha humo, huku akiwauliza mmoja mmoja jina la baba yake na kijiji chake. Alipomaliza wa nane, alijifuta mkono kwa nyasi, akawaonyesha njia ya mkato ya kwenda barabarani.