Mkanda wa Matatu

Kabla ya Februari 2004, matatu ya Nissan ya kutoka Kangemi kwenda katikati ya Nairobi haikujua kujaa. Fundi cherehani mmoja aliyeipanda kila asubuhi anaukumbuka ubao ulioitwa sambaza, uliolazwa kati ya viti ili wengine wapate pa kukalia, na makanga akihimiza, "Songa kidogo, mama, nafasi bado iko!" Leseni ilisema abiria 18. Waliozidi walisimama, na polisi wakionekana mbele waliamriwa wainame.

Ndipo John Michuki, waziri wa uchukuzi katika serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki, alipotoa kanuni zake. Kuanzia tarehe 1 Februari 2004 kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, na mstari wa manjano ubavuni. Dereva na makanga wavae sare. Nissan ibebe abiria 14, basi.

Siku za kwanza watu walitembea. Magari mengi hayakuwa yamefungwa vifaa, na Waiyaki Way ikajaa waenda kwa miguu. Njiani kila mtu alikuwa na lake: nauli itapanda (na kweli ilipanda), vijana watakosa kazi, mwendo wa kilomita 80 utawachelewesha. Wanawake wengi walilalamikia mikanda kwamba ni michafu na inaharibu nguo. Fundi huyo, aliyependa blauzi nyeupe, alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya miezi michache hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Abiria alikuwa amepata kiti kizima kwa nauli yake, na makanga akijaribu kumwingiza wa kumi na tano, gari zima lilipiga kelele. Hizo kelele ndizo zilizofanya kazi kubwa. Kidhibiti mwendo kingeweza kuchezewa na fundi yeyote wa gereji, na askari aliyesimama kando ya barabara asijue. Lakini mtu aliyebanwa kitini anajua papo hapo kwamba amebanwa, na hahitaji chombo cha kumpimia.

Michuki alihamishiwa wizara nyingine mwishoni mwa 2005. Sambaza ikarudi polepole, kwanza jioni na siku za mvua, wakati ambapo kila mtu anataka kufika nyumbani na hakuna mwenye moyo wa kumfukuza mwenzake. Mikanda iliyokatika haikushonwa. Novemba 2018, miaka sita baada ya Michuki kufariki, serikali ilianza msako wa kuzirudisha kanuni zile zile, na watu wa Nairobi wakatembea tena.

Wakati huo hatari ya barabarani ilikuwa tayari imepata magurudumu mengine. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea hadi vichochoroni, ambako matatu haifiki. Sheria inamtaka abiria avae helmeti. Vituoni sasa yanasikika malalamiko yale yale ya mkanda: imevaliwa na vichwa vingi, inanuka, inaharibu nywele. Malalamiko hayo ni ya kweli, na dereva asiyesafisha helmeti yake hana haki ya kumlaumu abiria anayeikataa. Fundi wa Kangemi ameshona kofia nyepesi za pamba za kuvaliwa chini ya helmeti. Moja hukaa mkobani mwake, na nyingine amewagawia majirani wanaopanda bodaboda.