Mafuta ya Karafuu Nusura Yaniharibie Posa!

Msinicheke. Jumamosi ile umeme ulikatika tangu alfajiri, nami nina kilo 4 za nyama ya wageni wa posa ya binti yangu. Friji limegeuka kabati! Nikakumbuka kichupa cha mafuta ya karafuu nilicholetewa kutoka Pemba, yale yanayopikwa kwa mvuke kutoka makonyo. Nilishasikia kwamba yana yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia, na kwamba hutoboa ngozi za vijidudu vinavyoozesha chakula. Basi, nikamimina vijiko 2 vizima.

Jioni pilau ikaiva, harufu mpaka kwa jirani. Mshenga akatia tonge la kwanza, akanyamaza, akashika shavu.

“Mama, hii pilau au dawa ya jino?”

Ulimi umemfa ganzi! Niliona haya, jamani. Sufuria nzima nikaimwaga, maana mafuta hayo yakizidi ni sumu, watoto ndio hatari kabisa. Ukitia kidogo nako, shahamu ya nyama huyapunguza nguvu, kwa hiyo baridi bado inatakiwa palepale.

Wageni wakala mayai. Mshenga alirudi wiki iliyofuata, kashiba kwao.