Gari Lina Nguvu, Tairi Je?

Kwenye veranda za hosteli zetu mjadala wa magari hauishi. Wapo wa Crown, wapo wa Mark X, wapo wa Subaru ya turbo, na kila mmoja ana namba zake: farasi wangapi, inakimbia mpaka ngapi, Dar hadi Moro inatumia muda gani. Miaka yote niliyokaa chuoni sijasikia hata siku moja watu wakibishana kuhusu tairi. Tairi kwetu ni kitu cha kununua likishapasuka. Naandika haya kwa sababu wakati wa BTP niliishi na swali hilo ambalo hatulijadili: gari lenye nguvu, linalotembea kila siku, livishwe tairi gani? Na jibu lake lilikuwa linawahusu watu watano, mimi nikiwemo.

Nilipangiwa shule ya sekondari iliyo kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, nikafikia kwa baba mdogo pale Tarime mjini. Baba mdogo ana Subaru Forester ya turbo, toleo la SG5, ambayo ikitoka kiwandani Japani ilihesabiwa farasi 220. Kazi yake iko upande wa Wilaya ya Serengeti. Kwa hiyo kila asubuhi anateremka kutoka vilima vya Tarime, anapita Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, anavuka Mto Mara, na jioni anarudi njia hiyohiyo. Mimi nilikuwa nashukia njiani. Walimu wawili na nesi mmoja walikuwa wanapanda naye na kuchangia mafuta.

Barabara yenyewe ni mchanganyiko. Pana lami, pana changarawe, pana vipande ambavyo leo unapita kushoto, kesho kulia. Kiangazi ni vumbi na mawe yenye ncha. Mvua zikianza, udongo mweusi wa upande wa Serengeti unashika kama ugali mbichi.

Mwezi wa Agosti trafiki alitusimamisha, akainama, akapapasa tairi la nyuma kwa kidole. "Mzee, hivi ni vipara hivi." Alisema kweli. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi likichakaa mpaka likalingana navyo, ujue imebaki milimita 1.6 na muda wake umekwisha. Ya kwetu yalikuwa yameshavipita hivyo vinundu. Trafiki alituonya akatuachia, na baba mdogo akaahidi kubadilisha kabla ya vuli.

Alikuwa na laki nane. Hapo ndipo washauri walipojitokeza.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko kidato cha sita na anaijua Subaru kuliko mitihani yake. Yeye alitaka ringi za 18 za mtumba zikiwa na tairi zake. "Baba, gari ya turbo haivai 16 kama Noah," alisema. Fundi naye akamuunga mkono: "Umesema kweli, mura. Hapa mjini wote watamjua." Muuza tairi alishauri kununua mbili tu za Kijapani, laki tatu na themanini kila moja, ziwekwe mbele. "Nyuma uvumilie mpaka mwisho wa mwezi." Jirani mwingine alikuwa na tairi nne za mtumba kwa laki tatu na sitini zote, bado zina mifereji mirefu. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori alitusikiliza, akacheka. Enzi zake, alisema, ukitaka tairi unachukua General ya Arusha au Yana ya Nairobi, basi. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilishasimama, na kile cha Yana kikasimamisha uzalishaji mwaka 2016. Leo dukani kuna majina mengi ambayo hata kuyatamka ni kazi, na mnunuzi inabidi asome mwenyewe.

Baba mdogo akanigeukia. "Mwanangu, wewe si ndiye mwalimu wa fizikia? Hebu sema."

Bahati nzuri wiki ile nilikuwa nafundisha msuguano kidato cha tatu. Nilichukua chaki nikaandika kwenye ukuta wa gereji. Gari pamoja na sisi watano na mizigo, tuseme ni kilo 1,800. Kila tairi linabeba kama kilo 450, yaani nyutoni 4,400 hivi. Upepo ukiwa psi 32, ambazo ni karibu paskali 220,000, ukigawanya unapata sentimita za mraba 200. Hicho ndicho kipande cha tairi kinachogusa ardhi, kwa makadirio. Daftari la mwanafunzi ni kubwa kuliko hapo. Farasi wote 220 wanapita kwenye vipande vinne kama hivyo. Breki nayo inapita hapohapo, na kona inapita hapohapo.

Halafu kuna mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nishati ambayo breki inatakiwa kuimaliza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na umbali wa kusimama vilevile. Turbo inakufikisha 100 upesi. Kukusimamisha haikusaidii.

Baada ya hapo tukaanza kusoma namba. Ubavuni mwa tairi letu imeandikwa 215/60 R16 95H. Upana ni milimita 215. Kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 129. Ringi ni inchi 16. Namba 95 ina maana tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 690, na H ina maana linastahimili mwendo mpaka kilomita 210 kwa saa. Ukinunua jipya, hizi mbili za mwisho usizishushe chini ya zile gari lilizopewa na kiwanda, hata kama muuzaji anakwambia "inaingia tu."

Tukapima ushauri wa mdogo wangu. Zile ringi za 18 zilikuja na tairi za 225/45. Kwa nje ukubwa wa gurudumu ni karibu uleule, ila kimo cha ubavu kinashuka kutoka milimita 129 mpaka 101. Karibu sentimita tatu za mpira na upepo zinaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na chuma. Kwenye lami safi gari litakata kona vizuri kweli. Kwenye mawe ya huku kwetu, shimo moja la asubuhi linapinda ringi au linachana ubavu, na tairi lililochanika ubavu fundi wa pancha hana la kulifanya.

Tukaenda kwenye mtumba. Mifereji ilikuwa mirefu kweli. Nikatafuta namba nne za mwisho kwenye msururu unaoanza na herufi DOT. Nikakuta 1114: wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Unakauka, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka vistari vidogo. Kampuni ya Michelin yenyewe inashauri tairi lisizidi miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Bei ya mtumba ilikuwa nzuri, ila huwezi kuujua umri wa tairi kwa kuangalia mifereji.

Ushauri wa muuza tairi ndio uliotuchukua muda, kwa sababu una mantiki. Kwa gari la kawaida mbili nzuri ni bora kuliko nne za wastani, watu wengi wangesema. Lakini Forester hii inasukuma magurudumu yote manne kwa pamoja, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi jipya lina mifereji ya milimita 8 hivi. Kipara kina moja. Tofauti ya kipenyo inakuwa milimita 14, na ukipiga hesabu, kipara kitazunguka kama mara kumi zaidi kwa kila kilomita. Difu inaona mbele na nyuma vinakwenda mwendo tofauti, kana kwamba kuna gurudumu linateleza, kutwa nzima, kila siku. Inapata joto, na mwisho inakufa. Bei ya difu si bei ya tairi. Kwa gari la namna hii matairi yote manne yanatakiwa yawe ya saizi moja, aina moja na uchakavu unaolingana.

Niliuliza pia kuhusu tairi za njia mbovu, zile zenye meno makubwa kama za Land Cruiser za watalii zinazopita Mugumu kwenda lango la Ikoma. Zinatafuna tope vizuri. Lakini kwenye lami yenye maji kwa kawaida zinachelewa kusimama, zinapiga kelele, na zinakula mafuta zaidi. Land Cruiser inayoshinda mbugani inazihitaji. Gari linalogawana siku kati ya lami na changarawe, likiwa na watu wanaochangia mafuta, halizihitaji sana.

Mwishowe tulinunua nne mpya za Kichina, 215/60 R16 95H zilezile, laki moja na tisini kila moja, baada ya kukagua kwamba zote zimetengenezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Jumla laki saba na sitini. Iliyobaki ililipia kusawazisha magurudumu na kupanga mkao wake, kazi ambayo wengi wanairuka, halafu tairi linaliwa upande mmoja na lawama anapewa Mchina. Baba mdogo alinunua pia kipimo cha upepo, anakitumia asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata joto upepo unapanda na kipimo kinakudanganya.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki yangu ya mwisho shuleni. Tukiwa tunateremka kuelekea mtoni, ng'ombe wakaingia barabarani wakiwa na mchungaji mdogo nyuma yao. Gari likasimama mapema, tukangoja wapite, mazungumzo yakaendelea. Nesi peke yake ndiye aliyesema: "Zile za zamani tungekuwa tunazungumza mengine sasa hivi."

Maneno yake ndiyo yaliyonibakia. Miezi miwili sisi wanne tulipanda gari lile juu ya vipara, tukachangia mafuta, tukasifia injini, na hakuna aliyeinama kuangalia. Dereva anachagua tairi kwa fedha yake, ila sisi tunaokaa ndani ndio tunaolikalia. Kuuliza si kumkosea heshima mwenye gari. Nesi sasa hapandi Noah yoyote stendi kabla ya kutupia jicho magurudumu, na makondakta wameshamzoea.

Wanachuo wenzangu, siku ukipata ajira na ukanunua hilo gari la ndoto zako, pigia hesabu tairi nne kwenye bei ya gari lenyewe. Andika kwenye karatasi barabara unayopita Jumatatu hadi Ijumaa na idadi ya watu unaowabeba, ndipo uingie dukani. Angalia saizi, angalia mzigo na mwendo, angalia wiki na mwaka.

Mdogo wangu bado anazitaka ringi za 18. Nimemwambia atakaponunua gari lake aombe kazi Musoma mjini, abaki kwenye lami.