Mtu wa Kumlalamikia

Wazee wa Kericho na Bomet tuna sifa ya kulalamika, na sifa hiyo tumeistahili. Tukikutana Litein siku ya soko, au tukingojea matatu pale Kapkatet, salamu haziishi kabla mmoja wetu hajaanza. Mvua haijui tena miezi yake. Boda boda wamefungua muziki hadi watoto wachanga wanashtuka. Kijana amekupita njiani, masikio yameziba, bila hata kusema chamgei. Matatu ya watu 14 imebeba 20, na mzee ndiye anayeambiwa asonge. Vijana wetu hutusikiliza kwa adabu, kisha wanarudi kwenye simu zao. Wanadhani tunalilia ujana.

Hatulilii ujana. Wangu ulikuwa wa miguu mitupu kwenye baridi ya alfajiri, na siutamani hata kidogo.

Nianze na chai, kwa kuwa ndiyo inayonikera kila nikishuka mjini. Barabara ya kutoka Kericho kwenda Litein inapita mwendo mrefu katikati ya majani chai, kijani kulia na kushoto. Sasa ingia hoteli nzuri mjini, uagize chai. Utaletewa kikombe cha maji moto, maziwa pembeni, na kijifuko cha karatasi chenye uzi. Unakitumbukiza, unakivuta, unakitumbukiza tena, maji yanapata rangi kidogo, na hapo unaambiwa chai iko tayari. Kwetu chai hupikwa. Maji na maziwa hutiwa sufuria moja, majani yanatupwa ndani yakianza kuchemka, unapunguza moto isimwagike, unaiacha ikolee, ndipo unachuja. Nyumba isiyo na maziwa hunywa strungi na haioni aibu, lakini hata strungi huchemshwa.

Siku moja nilimwambia msichana aliyenihudumia: mwanangu, hii si chai. Akanijibu kwa upole, akiniita babu kwa lugha yetu, "Kugo, ndivyo tulivyoagizwa." Nikamuuliza nani aliwaagiza. Hakumjua. Meneja akaitwa, naye hakumjua. Alichokuwa nacho ni maagizo yaliyotumwa kutoka Nairobi. Nikainywa ile chai. Msichana hakuwa na kosa, meneja hakuwa na kosa, na mimi nilikuwa nimelipa.

Tangu hapo nimekuwa nikizisikiliza kero za wazee wenzangu kwa makini zaidi. Karibu zote zinaishia mahali pamoja: nilikwenda kuuliza, sikupata mtu wa kunijibu.

Huku kwetu kulalamika kulikuwa na mahali pake. Kila mtaa una kokwet, kikao cha majirani, na ng'ombe wa mtu akiingia kwenye wimbi la mwenzake, mwenye wimbi hapigi kelele barabarani. Anapeleka neno kokwet. Watu wanakaa chini ya mti, aliyekosewa anasema, aliyekosa anasema, na wote wawili wanaonana uso kwa uso. Ilichosha, nakiri. Neno dogo lilikula siku nzima, na wazee waliopenda kusikia sauti zao walikuwapo tangu zamani. Lakini ulipoondoka pale ulijua nani amekukatalia na kwa nini.

Hata biashara ya majani chai ilifuata mkondo huo kwa muda. Brooke Bond na James Finlay walipofungua mashamba Kericho miaka ya 1920, Mwafrika alikuwa wa kuchuna tu. Kupanda chai yake mwenyewe alikatazwa kwa miaka mingi. Mkulima mdogo alipoingia, mamlaka ya mazao maalum ikaundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 mamlaka ya chai, KTDA, ikachukua nafasi yake. Hapo ndipo vituo vya majani vilipoenea vijijini, na mimi naona kituo cha majani kilikuwa kokwet ya pili.

Mtu asiyekiona kituo kile hawezi kunielewa. Kilikuwa banda la mabati na meza ndefu. Ulifika na kikapu mgongoni, ukamwaga majani mezani, ukayachambua: majani mawili na chipukizi, yaliyokomaa unayatupa kando. Karani alisimama kwenye mizani ya mshale, kalamu sikioni, vidole vyeusi kwa utomvu. Halafu lori halikuja. Liliahidiwa saa tisa, likafika saa nne usiku, magurudumu yakiteleza kwenye matope, na muda wote huo tulikaa pale pamoja. Posa zilianzia pale. Karo za watoto zilichangwa pale. Na ugomvi ulikuwa mwingi, hasa na karani.

Makarani wengine waliiba, sitawafichia. Mshale ulisoma kilo 14, kitabu kikaandikwa 12. Mizani ya elektroniki ilipokuja na risiti yake tulishukuru, kwa sababu mama aliyeamka gizani hakustahili kupunjwa kilo mbili na mtu aliyekaa kivulini. Lakini yule karani mwizi tulimjua. Tulijua mama yake anakaa wapi na ameoa kwa nani. Mwanamke aliyechoshwa naye aliweza kukishika kile kitabu, akakataa kukiachia mpaka hesabu irudiwe, na nimeona ikirudiwa.

Leo kilo ni sahihi, na swali limehamia mahali ambapo mkono haufiki. Bonasi, malipo ya pili ya mwaka. Kila mwaka wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa, Kirinyaga, Murang'a na jirani zao, hulipwa zaidi kwa kilo kuliko sisi wa magharibi. Tunaambiwa chai yao hupata bei bora mnadani Mombasa, tunaambiwa yetu imekaa ghalani bila mnunuzi, tunaambiwa gharama zimepanda. Huenda yote ni kweli. Mnada ule ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, bei yake hutajwa kwa dola, na mnunuzi mkubwa ni Pakistani. Najua mambo mengi yanayoamuliwa kule hayawezi kubadilishwa na mzee wa huku. Ninachotaka ni kuelezwa. Namuuliza karani, ananiambia yeye anapima tu. Ukienda kiwandani unaelekezwa ofisi kuu. Bonasi yenyewe inatangazwa kwenye redio na kuingia kwenye simu, na ujumbe wa simu haujibiki: ukiujibu, hakuna anayeusoma.

Kuna siku nilimsindikiza mke wangu kwenye ofisi moja, siitaji, kujiandikisha kwa huduma anayostahili. Kijana wa pale alikuwa na heshima zake. Alimwambia aweke kidole kwenye kioo kidogo. Akaweka. Kioo kikawaka chekundu. Akajaribu cha pili, na cha tatu, akahamia mkono wa kushoto. Kijana akakifuta kioo kwa kitambaa, akavifuta na vidole vya mama, akavibonyeza mwenyewe polepole. "Gogo," akamwita, kama tunavyowaita nyanya zetu, "mashine haikusomi." Vidole vile vimechuna majani chai maisha yake yote. Michirizi imesagika, ukivigusa ni laini na vigumu kwa wakati mmoja. Vimelea watoto wetu wote, vimelipa shule, na mashine ilikuwa ikisema havina mwenyewe. Yule kijana alimjua kabisa. Ni wa mtaa wa pili, alikunywa maziwa kwetu akiwa mtoto. Lakini hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba anamjua. Tuliambiwa turudi wiki ijayo.

Hilo ndilo linaloniuma. Kero zilikuwapo, na zamani zilikuwa nzito kuliko hizi. Kilichopungua ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza mwenye uwezo wa kusema "sawa, mzee, hapa tumekosea."

Najua wanawake watanijibu, na wana haki. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu kuhusu mashamba makubwa ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Kwa wanawake hao nyapara alikuwa na sura, na sura hiyo hiyo ndiyo ilikuwa adui. Wangemlalamikia nani, ikiwa anayegawa kazi asubuhi ndiye anayewadai miili yao? Hata kokwet yetu ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alisemewa na mumewe au kaka yake, na kama mumewe ndiye aliyemkosea, neno lake lilifia jikoni. Kwa hiyo siombi turudi kule. Naomba pawe na mtu wa kujibu, na asiwe yule yule anayeshtakiwa.

Miezi michache baada ya filamu ile, Mei 2023, watu walivamia shamba huku Kericho wakachoma mashine za kuchunia majani. Mashine hizo zimeongezeka mwaka hata mwaka: watu wawili wanaishika huku na huku, wanaipitisha juu ya michai, na sehemu waliyokuwa wakichuna watu wengi kwa mikono inamalizwa asubuhi. Chama cha wafanyakazi kilizipinga kwa migomo na mahakamani kwa miaka mingi. Sikupenda moto ule. Mtu alikufa katika vurugu hizo, na mashine iliyochomwa hairudishi kibarua cha mtu. Lakini naelewa kwa nini mkono ulikwenda kwenye mashine. Mashamba hayo yamebadilisha wenyewe na majina mara kwa mara, na mchunaji aliyeachishwa kazi hajui mwenye uamuzi anakaa nchi gani. Mashine alikuwa akiiona.

Na kuna lalamiko kubwa kuliko yetu yote, ambalo limezeeka kupita sisi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi kwenye mbung'o na malaria, na ardhi ya Kipsigis ikaendelea kuwa mashamba ya chai. Wajukuu wao wamelipeleka shauri Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakalifikisha mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Fikiria umbali wa kutoka Kericho hadi Strasbourg kwenda kuuliza swali ambalo babu yako angeliuliza chini ya mti.

Sasa nirudi kwa vijana, maana kila kikao cha wazee huishia kwao. Tunasema hawasalimii, hawataki kuchuna, wanataka pesa za haraka, usiku wanagombana na watu wasiowajua kwenye simu. Mjukuu wangu mmoja ana digrii. Kwa muda mrefu nilimwona amekaa na simu hadi usiku wa manane, na gogo yake akimgombeza alale. Aliponionyesha alichokuwa akifanya, ilikuwa ni maombi ya kazi, moja baada ya jingine, kila moja likijibiwa papo hapo na ujumbe uliotayarishwa: tumepokea. Baada ya hapo, kimya. Hajawahi kukaa mbele ya mtu akaambiwa hapana. Mimi nilipotafuta kazi nilifukuzwa getini na mlinzi mkali, nikamchukia, nikarudi nyumbani nikijua sina kazi. Yeye hana hata huyo wa kumchukia. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani nchini kote kuupinga Mswada wa Fedha, wazee wengi wa huku waliudhika, kwa kuwa Rais ni wa kwetu. Mimi niliona watoto waliokwisha kuandika kila mahali pa kuandikia, na hawakujibiwa.

Majina ya marika yetu huzunguka. Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi, kisha yanaanza tena, na rika jipya huchukua jina la watu waliokwisha kufa zamani. Mzee alipaswa kumtazama kijana akijua kwamba jina litarudi, na kwamba neno lake lisipomalizwa leo litarudi pamoja nalo. Lakini sisi tunakutana na wenzetu wa rika letu, tunanung'unika, tunaagana. Wao wananung'unika kwenye simu. Bonasi ni ile ile moja, ofisi ni zile zile zilizofungwa madirisha, na bado hatujakaa pamoja kuyazungumza.

Kwa hiyo nimelipeleka neno kokwet. Nimeomba vijana waitwe, wasichana kwa wavulana, waje na simu zao na hesabu zao, kwa sababu wao wanajua kusoma taarifa ya kiwanda kuliko sisi. Kiwanda cha mkulima kina wakurugenzi, na wakurugenzi hao tunawachagua kwa kura zetu. Mwezi wa kumi, kabla bonasi haijaingia kwenye simu, tunataka wetu aje kituo cha majani mchana, siku ya kununua, asimame pale alipokuwa akisimama karani, atueleze tumelipwa kiasi gani kwa kilo na kwa nini. Akitaka aje na mhasibu. Aje na vitabu. Chai tutapika sisi.